Wiki ya mihadhara na usomaji chuoni: namna ya kuiandaa isimezwe na itifaki

Mwaka wa kwanza tulipoandaa wiki ya mihadhara chuoni kwetu, mgeni rasmi alitarajiwa saa 3 asubuhi. Alifika saa 5 na robo. Zikafuata dua, wimbo wa taifa, utambulisho wa meza kuu, ngonjera, kwaya, na salamu za wadhamini wawili. Profesa aliyesafiri kwa basi usiku kucha kuja kuhadhiri akabakiziwa dakika 25, na nusu ya wanafunzi walikwisha kwenda kupanga foleni ya wali maharage. Nimekuwa kwenye kamati ya maandalizi mara kadhaa tangu hapo, na mengi ya hapa chini yametokana na asubuhi ile.

Hatua ya 1: Tafuta mhimili, kisha tarehe

Mfano mzuri uko Mlimani. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa kilichopewa jina lake, kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia. Tamasha lake la kwanza lilifanyika Aprili 2009, na aliyealikwa kuhadhiri ni Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria. Aprili haikuokotwa tu: Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Ukishakuwa na mhimili wa namna hiyo, hata mlinzi wa getini anajua wiki inahusu nini.

Nanyi tafuteni wenu. Anaweza kuwa mtu, tukio, au swali linalowasha watu pale mlipo. "Maendeleo na changamoto zake" si mhimili, hilo ni bango la semina.

Kisha kaa na kalenda. Epuka wiki mbili kabla ya mitihani. Angalia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ikiangukia hapo, maliza mapema watu wawahi futari. Ijumaa usiweke kitu kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Na kama ni Aprili upande wa pwani, ni masika. Ukumbi wa bati mvua ikishika hamsikilizani, hata mkiwa na spika za harusini.

Hatua ya 2: Mwalike mhadhiri mapema, na sema habari ya fedha

Barua itoke miezi minne kabla. Iandike wazi nani analipa nauli, atalala wapi, kuna posho au hakuna. Wasomi wengi watakuja bila posho ukiwaambia mapema. Watakachokukasirikia ni kuzungushwa siku ya kuondoka, mara mhasibu yuko kikaoni, mara sahihi moja haijapatikana.

Omba maandishi ya mhadhara wiki mbili kabla. Kama ni ya Kiingereza, mpe mtu wa Idara ya Kiswahili atoe muhtasari wa ukurasa mmoja, ugawiwe mlangoni. Mmetangaza kwamba milango iko wazi kwa wote. Sasa mwenye duka la nyaraka ng'ambo ya barabara amefunga duka na kuja, halafu akae saa nzima akitazama dari?

Hatua ya 3: Ibane itifaki

Hapa ndipo kamati hugombana, na hapa usilegee. Ratiba yetu ya sasa ya mhadhara mmoja iko hivi. Saa 9:30 alasiri mkaribishaji anasema sentensi tatu. Saa 9:35 mhadhiri yuko kwenye maiki. Saa 10:20 maswali yanaanza. Saa 11:15 tunafunga. Saa ya kumaliza inaandikwa kwenye bango kwa herufi kubwa sawa na saa ya kuanza.

Hakuna meza kuu. Wakubwa wanaketi safu ya mbele, wanatajwa mara moja, "itifaki imezingatiwa", tunaendelea. Wapo waliotuambia tunawavunjia heshima. Dawa tuliyoipata ni kumpa mgeni rasmi kazi badala ya hotuba: tunamwomba asome. Kiongozi mmoja tuliyemhofia sana alitughania beti nne alizofundishwa na bibi yake, akashangiliwa kuliko ambavyo angeshangiliwa kwa hotuba yoyote, na alitumia dakika 3.

Hatua ya 4: Usomaji upewe jioni yake

Waandaaji wengi huuchomeka usomaji katikati ya mihadhara kama burudani, watu wakinywa chai. Huo ni uonevu. Kwangu mimi usomaji ndio unaowafanya watu warudi kesho yake.

Weka wasomaji sita, si zaidi, dakika 7 kila mmoja. Ukurasa wa A4 wenye nafasi kati ya mistari husomwa kwa kama dakika 3, kwa hiyo mwandishi wa hadithi aje na kurasa mbili tu. Mwambie achague kipande chenye watu wanaozungumza, aache maelezo ya mandhari. Washairi waulize mapema: unasoma au unaghani? Anayeghani huhitaji muda zaidi, na asiwekwe wa kwanza, kwa sababu atakayemfuata atasikika mkavu.

Mwaka mmoja alikuja mzee na kaunta buku lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alichukua muda kuvaa miwani, muda mwingine kufungua ule mpira, vijana wakaanza kutazama simu. Akaghani. Kufikia ubeti wa tatu ukumbi ulikuwa umeshakinasa kibwagizo, na kila alipokifikia alinyamaza akatuachia sisi. Sikuthubutu kumwonyesha kikaratasi cha "dakika zimekwisha".

Hatua ya 5: Sauti

Jaribu vyombo siku moja kabla, saa ileile ya tukio. Maiki ikipiga mluzi, mara nyingi spika ziko nyuma ya msemaji. Zisogeze mbele yake. Kuwe na maiki ya waya ya akiba, maana betri za zile zisizo na waya hufa katikati ya sentensi nzuri. Jenereta iwashwe kabisa, msiridhike kuambiwa ipo.

Hatua ya 6: Maswali

Achana na desturi ya kukusanya maswali matano kwa mpigo. Mhadhiri hujibu lile jepesi, mengine yanapotea. Pokea moja, lijibiwe, nenda lingine. La kwanza mpe mwanafunzi, maana akianza mhadhiri mwandamizi, wadogo hunyamaza. Pitisha pia vikaratasi kwa wasiopenda kusimama. Maswali makali zaidi niliyowahi kuyasoma yalitoka humo, mengine kwa mwandiko wa kutetemeka.

Mwenye hotuba badala ya swali utamtambua kwa maneno "nina mambo matatu". Mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, tupe la tatu."

Hatua ya 7: Usiku wa mwisho

Hamisha rekodi zote sehemu mbili kabla hujalala. Omba ruhusa ya maandishi kwa kila mshairi kabla hujaweka sauti yake mtandaoni. Viti virudishwe usiku huohuo, hata kama wote mmechoka: mwenye navyo akiamka navyo havipo, anaanza kuhesabu siku ya pili.