Kufufua mashine kuukuu ya kufulia katika nyumba ya Lamu

Kila Alhamisi, ili kanzu ziwahi Ijumaa, nafulia mashine kuukuu ya Hoover ya mapipa mawili: moja la kufulia, jingine la kukamulia. Nyingine mbili ziko ukumbini, na mke wangu huwahesabia wageni kila wanapokuja. Watu huniuliza mbona sinunui ya kisasa. Ya kisasa hutaka maji ya bomba yenye kasi, na ikishafua huyamwaga. Hii naijaza kwa ndoo kutoka birikani, yaani tangi la maji la nyumbani, na maji yale yale ya sabuni hufua mafungu matatu. Kwetu, ambako maji ya visima vingi yana chumvi, sihitaji sababu nyingine.

Hatua ya 1: Kuchagua. Usivutiwe na rangi. Zungusha kwa mkono sahani ya kuvurugia maji. Ikikwaruza, beringi imekwisha. Tikisa pipa la kukamulia uone kama linacheza. Kutu ya nje si neno, lakini kutu iliyokula pale mota iliposhikwa iache hapo hapo dukani.

Kisha soma kibati cha nyuma. Za Uingereza ni volti 240 na hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), sawa na umeme wetu. Mmarekani akikuuzia Maytag ya rola, ile inayokamua nguo kwa kuzibana kati ya rola mbili, tahadhari: hiyo ni ya volti 120 na hezi 60. Transfoma itashusha volti, hezi haitazigusa, na kasi ya mota itapungua kwa kama sehemu moja ya sita huku ikipata moto. Maytag waliacha kuunda za rola mwaka 1983, kwa hiyo hata iliyo changa ni mzee. Mimi yangu ni pambo.

Hatua ya 2: Kuisafirisha. Mwaga maji yote, funga pipa la kukamulia lisigonge, na isimame wima kwenye mashua kutoka Mokowe, gati la bara. Gatini chukua mkokoteni. Nilijaribu punda mara moja: mzigo mmoja upande mmoja, tukafika nusu ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, punda akaamua safari imekwisha.

Hatua ya 3: Kabla ya umeme. Usitie plagi! Mpira wa zamani unaofunika nyaya hukauka ukawa kama biskuti. Ukiukunja unavunjika na shaba inabaki uchi. Badilisha waya wa plagi hata ukionekana mzima. Angalia rangi pia. Mashine za Uingereza za kabla ya miaka ya 1970 zina nyekundu kwa waya wa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa arthi. Waya wa leo ni kahawia, buluu, na kijani chenye mistari ya manjano. Andika kwenye karatasi kabla ya kufungua chochote. Arthi ifungwe kwenye bati la mashine, tena bati lililopigwa msasa, maana rangi haipitishi umeme.

Halafu kapasita, kile kikopo kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Ukisikia mota inanguruma bila kuzunguka, mara nyingi mgonjwa ni huyo. Hushika umeme hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo gusisha ncha zake mbili kwa nyaya za balbu ya kizamani ya wati 60 hadi uishe. Nunua yenye maikrofaradi (kipimo cha umeme inaoshika) zile zile. Volti ziwe sawa au zaidi, zisipungue.

Kama ina kichemshia maji, mimi hukitenganisha. Cha wati 3,000 hula ampia 12.5, na nyaya za nyumba nyingi za mawe hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Mota peke yake hutosheka na fyuzi ya ampia 5.

Hatua ya 4: Jaribio la maji. Tandaza gazeti chini, jaza pipa, ngoja saa moja. Gazeti likilowa katikati, mpira wa ekseli umechoka.

Hatua ya 5: Kufua. Chuja maji kwa kitambaa. Samaki anayekula viluwiluwi vya mbu abaki birikani. Wangu nilimchota kwa kata siku moja, akaponea chupuchupu. Nikiwa na maji ya mvua ndiyo naanza nayo, kwani ya kisima hukataa povu.

Kanzu nyeupe kwanza, dakika nne tu, sahani ile ina nguvu. Zikihamia kwenye kukamua, mpira wa kutolea maji nauelekeza pipa la kufulia ili sabuni irudi. Kisha mashuka, mwisho leso na vikoi, maana leso mpya huchuja rangi. Kofia za vito, zile zilizodariziwa, usizitie kabisa, hizo ni za kufua kwa mkono. Nguo za kukamua zipange sawasawa. Pipa likianza kuruka, zima, panga upya. Usitie mkono kabla halijasimama kabisa, na usifue miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji.

Hatua ya 6: Baada ya kazi. Suuza mapipa kwa maji matamu, acha vifuniko wazi usiku kucha. Mara moja kwa mwezi nachomoa plagi, nafungua ubao wa nyuma, napangusa chumvi iliyoletwa na upepo na kupaka bolti grisi.