Unataka kuvua mbuta na kambare wakubwa? Anza na ndoana, rodi iwe ya mwisho

Juzi kuna kijana kanijia hapa Shela Malindi ameshika rodi (fimbo ya kuvulia) mpya inang'aa, anasafiri Kisumu kwa shemeji yake na roho yake yote iko kwa mbuta, ananiuliza, "Ami, sasa hii niiweke mshipi gani?" Hapo hapo nikajua kanunua kinyumenyume. Wengi tunafanya hivyo, maana rodi ndiyo inayoonekana na ndiyo ya kupigia picha, lakini samaki hajui kama una rodi, anachojua ni kile kilichomkwama mdomoni. Mimi huanzia mdomoni mwake halafu narudi nyuma: ndoana, kipande cha mbele, mshipi, rili (kile cha kukunjia mshipi), na rodi inakuja mwisho kabisa, tena hapo inakuwa karibu imejichagua yenyewe.

Mimi nimekulia kwenye maboti ya watalii, sulisuli, nguru, jodari, na mara ya kwanza kwenda kuvua maji matamu nilibeba vitu vya baharini vyote nikidhani samaki ni samaki. Nikachoka bure, rili nzito kama tofali.

Sasa kwanza jua unamfuata nani. Mbuta, yule Watanzania wanamwita sangara, kwao asili ni Nile na ziwa Turkana, Victoria aliwekwa tu miaka ya 1950 na 1960. Anaweza kufika karibu kilo 200, na yule wa rekodi ya kuvuliwa kwa rodi alitoka ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000, paundi 230, yaani kilo 104. Mbuta hana meno ya kukata, mdomo wake ndani ni kama msasa, ila kifuniko cha shavu kina mwiba na makali, na akiruka huwa anafungua mdomo wazi anatingisha kichwa kama mtu anayekataa chakula, hapo ndipo ndoana zinapotoka na mishipi inapokatika. Kambare wa huku kwetu mto Sabaki yeye meno yake ni kama brashi tu, hakati kitu, lakini anavuta kuelekea kwenye mizizi na magogo na ukimpa mita mbili umempoteza. Binamu yake vundu, wa ziwa Tanganyika na mto Zambezi, huyo anafika kilo 50. Halafu kuna tigafishi, Turkana wapo na Zambezi wapo, na yule jitu lao yuko mto Kongo, hao meno yameingiana kama mkasi, nailoni hata iwe nene vipi wanaikata ukiangalia.

Ndoana basi. Namba zinachanganya watu sana dukani, namba 6 ni kidogo kuliko namba 1, lakini ikiwa na sifuri, 6/0, hapo inageuka, kadiri namba inavyopanda ndoana inakuwa kubwa. Kwa mbuta wa chambo hai (perege wa kiganja ndiye mtamu kwake) mimi nachukua 6/0 mpaka 10/0 zile za duara ambazo ncha imejikunja kuingia ndani, zinashika pembeni mwa mdomo na samaki hazimezi. Ila ukitumia hizo usimpige kwa nguvu kama ulivyozoea, mwache aondoke nayo, wewe kaza mshipi pole pole mpaka ndoana ikae yenyewe. Nimeona mabaharia wenye uzoefu wa miaka 20 wanashindwa na hilo, mkono umezoea kupiga. Kambare 5/0 mpaka 8/0 yatosha, na chambo ni utumbo wa kuku au kipande cha samaki anayenuka, vundu wa ziwa Kariba wanavuliwa mpaka na sabuni ya bluu ya kufulia, na huo si utani.

Ukitumia samaki wa plastiki, sisi huita rapala hata kama si za kampuni ya Rapala, chukua kubwa za sentimita 15 mpaka 20 zinazozama, halafu kitu cha kwanza ukifika nyumbani angalia zile ndoana zake zenye ncha tatu na viringi vinavyozishika. Nilinunua moja duka fulani Mombasa, rangi tamu, mbuta akaipiga tukamwona mgongo kabisa, dakika mbili mshipi ukalegea, nikaivuta nikakuta ndoana imenyooka kama msumari. Tangu siku hiyo nikiweza kuikunja kwa koleo bila kutumia nguvu naitupa naweka nene. Na makali usipime kwa macho, iburute ndoana juu ya ukucha wa kidole gumba, ikiteleza ni butu, ikikwama iko sawa. Kwa tigafishi hilo ndilo la kwanza kabisa, mdomo wake ni mfupa mtupu, ndoana butu haiingii hata kidogo.

Kipande cha mbele, yaani kile kati ya ndoana na mshipi wenyewe, kwa mbuta weka nailoni nene ya paundi 80 mpaka 150 (yaani uzito inaobeba kabla ya kukatika), urefu mita moja au moja na nusu, ni kwa ajili ya ule msasa na makali ya shavu. Kambare 60 mpaka 80 haina shida. Tigafishi ni waya, hakuna mjadala, sentimita 30 zinatosha, na ukiwa Turkana ambako wote wawili wapo unaweka waya mfupi mbele na nailoni nene nyuma yake. Katikati weka kile kichuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote.

Mshipi wenyewe ndio watu wanadanganywa zaidi. Ule wa kusokotwa ni mwembamba, unaingia mwingi kwenye rili na unahisi samaki hata akigusa tu, kwa mbuta chukua paundi 50 mpaka 80, mita 300 hivi. Shida ni zile bei rahisi zimeandikwa paundi 100 na ukivuta unakatika kama uzi wa cherehani. Usiamini karatasi, pima na mtungi. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kama kilo 21 pamoja na plastiki yake, hiyo ni paundi 46, sasa funga mshipi kwenye tawi la mwarobaini, upande wa pili funga mtungi kwa fundo lile lile utakalovulia, achilia pole pole. Kama mshipi umeandikwa 50 na haubebi mtungi ujue umeuziwa hadithi, au fundo lako baya, na mara nyingi ni fundo. Kwa wa 80 ongeza mtungi mwingine wa lita 10. Na ukiujaza kwenye rili usiuanze moja kwa moja kwenye chuma, wa kusokotwa unateleza pale, unakuwa unazungusha mkono na mshipi wote unazunguka palepale, anza na mita chache za nailoni.

Rili, angalia breki kwanza, mapambo baadaye. Breki inatakiwa iachie mshipi taratibu bila kushtukashtuka, na uikaze mpaka kama thuluthi ya nguvu ya mshipi, si zaidi. Mshipi wa paundi 50 thuluthi yake ni kama kilo 7, basi rudi kwa mtungi wako tia maji lita 6 au 7, mwenzako ashike rodi imepinda vizuri, inyanyue: mtungi ukianza tu kuacha ardhi breki nayo inaanza kuachia, hapo ndipo penyewe. Ukipaa bila breki kulia umekaza kupita kiasi. Kwa saizi, rili za kurusha zile zimeandikwa 8000 au 10000 zinafaa mbuta, kambare 6000 ni sawa. Zile rili kubwa za kurambazia sulisuli ziache botini, kukaa umerusha kutwa nzima na kitu kile ni kuutafuta ugonjwa wa bega. Ila rili ya baharini ya kurusha ni nzuri hata ziwani, haishiki kutu haraka. Kinyume chake ndio hatari, rili ya ziwani ukija nayo pale Sabaki inapoingia bahari, maji yamechanganyika chumvi, usipoiosha kwa maji matamu jioni ile ile wiki ijayo itakuwa inasaga kama kinu.

Na kwa vile nimeitaja Sabaki, mamba wapo na viboko wapo, usiingie majini hata magotini kwenda kuchomoa ndoana iliyokwama. Kata mshipi. Ndoana inanunuliwa.

Haya, rodi. Karibu na mshikio imeandikwa inabeba mshipi wa paundi ngapi na uzito gani wa kurusha kwa gramu, linganisha na yote uliyokwisha kuchagua. Mbuta wa botini, mita 2.1 mpaka 2.4, ya paundi zinazolingana na mshipi wako, inayorusha gramu 60 mpaka 150. Ukisimama ukingoni kuvua kambare unataka ndefu, mita 3 na zaidi, ili mshipi upite juu ya nyasi. Rodi za baharini zenye vigurudumu badala ya pete hapana, mshipi mwembamba unaingia pembeni ya kigurudumu unakwama samaki anapokimbia. Nunua ya vipande viwili, iweke ndani ya bomba la maji la plastiki lenye vifuniko, na kwenye basi kaa nayo, usiitie buti, mpaka ufike Nairobi itakuwa imelaliwa na magunia ya nazi.

Ile ya kijana niliisoma maandishi, paundi 8 mpaka 17. Nimemwambia hiyo aende nayo Sabaki akajizoeze na kambare wadogo, na kwa shemeji apige simu aseme anakuja mwezi ujao mshahara ukiingia.