Funga uzi kwenye tawi moja

Ukitaka kuujua mti, usiutazame wote. Hapa Mbeya mijakaranda ipo mingi. Chagua mmoja wa mtaani kwenu, funga uzi kwenye tawi dogo unalolifikia, ulitazame hilohilo kila Jumapili. Baridi ya Juni na Julai ikishapita, majani hupukutika, yanabaki maganda bapa, magumu. Pasua moja: mbegu zina mbawa nyembamba kama karatasi. Kuelekea Oktoba, mvua bado, maua ya zambarau hutangulia majani. Tarehe andika kwenye kalenda ya ukutani (kichwa husahau). Tawi langu nilidhani limekufa; nikakwaruza gome kidogo kwa ukucha, chini yake kijani kibichi kabisa.