Somo: Kutoka jeshini hadi kazi ya kiraia

Maafande, naulizwa kila mara: nikistaafu jeshi hapa Uganda, nipate vipi kazi ya kiraia? Someni lote kwanza, ndipo muulize.

1. Hati ya kustaafu: toa nakala, asili ibaki nyumbani.

2. Kitambulisho cha taifa na TIN (namba ya mlipakodi) ya URA, mamlaka ya kodi. Majina yafanane na ya jeshini, herufi kwa herufi.

3. Namba ya NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Mwajiri anakukata asilimia 5 ya mshahara, naye anaongeza 10.

4. CV (wasifu wa kazi). Hapa ndipo wengi wanaangukia. Ukiandika "platuni sajenti" tu, meneja wa kiwanda pale Jinja haelewi. Andika ulichofanya: nilisimamia watu thelathini, nikapanga zamu, nikaandika ripoti. Aliyekuwa stoo aseme alipokea mali, akahesabu, akasaini. Waliokwenda Somalia, tajeni misheni ya Umoja wa Afrika kwa jina la wakati wenu: AMISOM kuanzia 2007, ATMIS kuanzia 2022, AUSSOM tangu 2025. Onyo: usitaje idadi ya silaha wala mipango ya operesheni. Siri ni siri hata baada ya kuvua gwanda. Wala usijiongezee cheo, maana watauliza.

5. Daktari wa kikosi asiguse mgonjwa wa kliniki kabla ya kusajiliwa na baraza la taaluma yake.

MASWALI

— Afande, nitafutie kazi, niko tayari kwa lolote.
Soma hatua ya 4. "Lolote" si kazi.

— Nimeendesha lori jeshini miaka mingi. Bado nahitaji leseni?
Ndiyo, ya kiraia. Lori zito ni daraja CH.

— Kwa nini unatukatisha tamaa? Kampuni za ulinzi zinatuchukua bila haya yote.
Sikatishi mtu tamaa. Ulinzi ni kazi ya heshima. Nakataa tu iwe mlango pekee tulioachiwa.

— Mume wangu alikuwa signo (mtu wa mawasiliano jeshini), anatengeneza redio na kufunga sola, lakini shule aliacha P6 (darasa la sita). Kuna njia?
Asante kwa kuuliza, mama. Ipo. Kuna mtihani wa serikali wa ufundi unaofanywa kwa vitendo, na hata asiye na vyeti vya shule anapimwa. Akifaulu, stadi yake inaandikwa. Aanze na sola, na apige picha za kazi alizofunga. Mwenye nyumba akiridhika, aombwe barua fupi.

— Na wale wakala wa Dubai wanaodai sehemu ya kiinua mgongo?
Usitoe hata shilingi kabla ya kuhakikisha kampuni ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Mkataba usome na mkeo, kisha pesa iliyobaki iweke Wazalendo SACCO, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi.