Kumjibu mteja wa intaneti bila kumdanganya

Ukiwa mpokea simu wa kampuni ya intaneti, mteja akipiga kutoka Ngaramtoni kwamba intaneti imekata, karatasi ya maelekezo itakutaka umwambie azime ruta, asubiri, awashe. Usianzie hapo. Msalimie, akiwa mtu mzima mpe shikamoo yake, kisha muulize: "Mama, kwenye ruta kuna taa ndogo imeandikwa LOS. Inawaka rangi gani?" Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye ruta: mara nyingi waya wa faiba umekatika, umekunjwa au umechomoka. Hata azime mara kumi, haitarudi. Mwambie ukweli huo, andika ombi la fundi, umsomee namba ya malalamiko polepole mpaka aiandike.

Msimamizi atauliza kwa nini simu imekuwa ndefu. Hilo linaniuma sana, kupimwa kwa dakika badala ya tatizo lililoisha. Mjibu kwa adabu na umwonyeshe ulichoandika.

Swali gumu ni "fundi anakuja lini?" Usiseme "ndani ya saa 24" kama ratiba huioni, mteja anafunga duka kumsubiri. Na kampuni ikizidi kumzungusha, mteja anaweza kupeleka malalamiko TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wana ofisi ya kanda hapa hapa Arusha. Akiuliza aende wapi, mtajie.