Namna ya kubuni na kushona kiatu cha ngozi kisichopitisha maji

Aliyewahi kutazama jahazi likikalafatiwa ufukweni anajua kwamba fundi hashughuliki na ubao mzima. Mikono yake iko kwenye maungio, akisokomeza pamba iliyotiwa mafuta, kwa sababu ubao mzuri haupitishi maji, na bahari huingia mahali mbao mbili zinapokutana. Kiatu cha ngozi nacho huvuja kwenye matundu ya sindano, kwenye pembe za ulimi na pale sehemu ya juu inapoungana na soli. Kwa hiyo kazi ya kuzuia maji huanza kwenye mchoro, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kiatu kilichochorwa vibaya hakiokolewi na dawa yoyote ya kupaka mwishoni. Maelezo yafuatayo yanahusu buti fupi ya kufunika kifundo cha mguu, ya mtu anayetembea kwenye tope na majani mabichi wakati wa masika, na yanamlenga fundi ambaye tayari anajua kushona kiatu cha kawaida.

Anza na kalibu, yaani umbo la mguu ambalo kiatu hujengwa juu yake, ambayo mafundi wengi huiita lasti. Ifunike yote kwa tepu ya karatasi, tabaka mbili, kisha chora kiatu juu ya tepu hiyo kwa penseli kana kwamba unachora juu ya mguu wenyewe. Mstari wa kwanza kuuchora uwe mstari wa maji, yaani kimo ambacho unataka maji yafike bila kuingia ndani. Kwa buti ya shambani mimi huuweka sentimita 10 hadi 12 kutoka chini ya soli. Chini ya mstari huo kila mshono ni adui, na unapaswa kujiuliza kama kweli unauhitaji. Ukimaliza kuchora, chana tepu, ibandue, ilaze juu ya karatasi ngumu na ongeza kingo za kukunjia na za kuunganishia.

Mgawanyo wa vipande ndio moyo wa kazi yote. Mtindo unaofaa ni ule wa derbi, ambapo mbavu mbili za kiatu hulala juu ya kipande cha mbele kinachofunika vidole. Sababu yake ni ileile inayomfanya mwezekaji aanze na makuti ya chini na kumalizia na ya juu: maji yanayoteremka kutoka kwenye kifundo yanapita juu ya ukingo na kuendelea na safari yake, badala ya kukutana na ukingo unaotazama juu na kuyakinga. Ukigeuza, kipande cha mbele kikalala juu ya mbavu, umetengeneza mfereji wa kuyapeleka maji kwenye matundu ya sindano.

Mshono wa nyuma wa kisigino unastahili uangalifu wa pekee. Miaka ya mwanzo nilimshonea bwana mmoja buti za kwenda nazo kwenye mashamba ya chai, ngozi nzuri, soli nzuri, na baada ya wiki mbili za mvua alizirudisha zikiwa zimeloa soksi nzima. Nilizichunguza kwa muda mrefu nikitafuta kosa kwenye soli. Kosa lilikuwa nyuma: nilikuwa nimeunganisha mbavu mbili kwa mshono wa kuelekeana, uliosimama wima kutoka juu hadi chini, na kila alipopiga hatua ulifunguka kidogo kama mdomo na kufunga tena. Tangu siku hiyo sehemu ya nyuma naikata kipande kimoja kinachozunguka kisigino bila kuungwa, na ikibidi kuunga, mshono nauweka upande wa ndani wa mguu, karibu na uvungu wa wayo, mahali ambapo ngozi haikunjwi sana na tope halipigi moja kwa moja. Njia hii hula ngozi zaidi, na mteja aelezwe mapema kwamba bei itapanda kwa sababu hiyo.

Ulimi nao usiachwe ukielea kama wa kiatu cha shule. Uunge na mbavu pande zote mbili kwa vipande vya ngozi nyembamba, unene wa milimita 1 hivi, vinavyokunjika kama mfuko kiatu kinapofungwa. Mikunjo hiyo ipande hadi juu ya mstari wa maji uliouchora, kwa maana mahali mikunjo inapoishia ndipo kina cha maji cha kiatu chako kinapoishia, hata kama buti yenyewe inafika nusu ya muundi.

Kuhusu ngozi, tumia ya ng'ombe yenye uso wake wa asili, unene wa milimita 2 hadi 2.2, kutoka mgongoni. Ya tumboni huvutika na ina nyuzi zilizolegea. Epuka ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki ing'ae: inapokuwa mpya haipitishi hata tone, lakini baada ya kukunjwa mara nyingi kwenye vidole ule utando hupasuka, na chini yake hakuna kinachozuia kitu. Kwa sehemu ya juu napendelea ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za madini ya kromu na kushibishwa mafuta kiwandani, kwa kuwa hubaki laini hata ikiloa na kukauka mara nyingi. Kwa soli ya ndani na ya kati chukua ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miwati, mti unaolimwa Njombe na kwenye nyanda za juu za Kenya, kwa sababu ni ngumu, hushika umbo la wayo na haivutiki. Kabla ya kununua ngozi nzima, omba kipande cha ukubwa wa kiganja. Kikunje mara mia moja mahali pamoja, kisha kifunge kwa mpira juu ya mdomo wa bilauri, uso wake ukitazama juu, bonyeza katikati ili pawe na kishimo, mimina maji na uache usiku kucha. Asubuhi gusa upande wa chini. Ukiwa mkavu, nunua; ukiwa na unyevu mahali ulipokunja, ngozi hiyo inafaa kwa mkoba.

Katika kuunganisha, punguza unene wa kingo kwa kisu kikali hadi zikaribie nusu, kwaruza uso wa sehemu itakayopokea gundi ili kuondoa mafuta, paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri kama dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, kisha bandika na gonga kwa nyundo. Tumia sindano nyembamba na mishono 3 kwa sentimita, si zaidi. Mishono iliyobanana sana huitoboa ngozi kama ukingo wa stempu na siku moja itachanika kwenye mstari huohuo. Chini ya mstari wa maji, pitisha gundi ya maji ya mpira upande wa ndani wa kila mshono kabla ya kuweka bitana. Kazi hii haionekani kiatu kikiisha, na ndiyo sababu wengi huiruka.

Sasa tunafika kwenye soli. Kiatu kilichoshonwa kwa mshono mmoja unaotoboa soli ya nje hadi soli ya ndani, ambao hutumika kwenye baadhi ya viatu vya ofisini, hakifai hapa hata kidogo, kwa kuwa kila tundu ni bomba linalotoka barabarani hadi kwenye wayo. Mtindo ninaoupendekeza unaitwa veldtschoen, jina lenye asili ya Kiholanzi cha Afrika Kusini, na Waingereza waliuendeleza kwa viatu vya mashambani. Bitana huvutwa kwenye kalibu na kukunjwa kwenda ndani, ikabandikwa chini ya soli ya ndani kama ilivyo kawaida. Ngozi ya juu hufanya kinyume: inapofika ukingoni hugeuzwa kwenda nje, ikalala bapa juu ya soli ya kati kama ukingo wa sahani, na hapo ndipo inaposhonwa. Mshono wote unakaa nje ya mguu. Maji yakipenya tundu, yanashuka kwenye soli na kuishia huko, hayana njia ya kuingia ndani.

Acha milimita 15 za ngozi kwa ajili ya kugeuzwa. Lowanisha ukingo huo kwa kitambaa, vuta kwa koleo kuanzia kwenye vidole, kisha kisigino, kisha pande zote mbili kwa zamu, na ushikize kwa misumari midogo. Kwenye mzingo wa vidole ngozi itakataa kulala, ikitengeneza vikunjo. Usiikate, bali igonge polepole kwa nyundo na mfupa hadi inyooke, kwa kuwa kila mkato hapo ni mwanya. Iache kwenye kalibu siku tatu au nne kivulini. Kisha weka ukanda mwembamba wa ngozi juu ya ukingo uliogeuzwa, ujaze gundi chini yake, na ushone kwa mkono ukanda, ukingo na soli ya kati kwa pamoja, kwa sindano mbili zinazopishana katika kila tundu.

Uzi wa kitani ni bora kwa mshono huu, maana ukiloa huvimba na kuziba tundu lake. Ukikosa kitani, nailoni ya kusuka itafaa. Usipake mshumaa wa dukani, kwani hukauka na kupukutika. Yeyusha nta ya nyuki pamoja na utomvu wa msonobari, kiasi sawa, upate donge la rangi ya kahawia, na upitishe uzi humo mara nne au tano mpaka uwe unalia unapouvuta kati ya vidole na kuacha unata. Msharasi, yaani chuma cha kutobolea matundu, nao uwe mwembamba kuliko nyuzi mbili zikiwa pamoja, ili uzi uingie kwa shida. Ukiona unapita kwa urahisi, badilisha msharasi.

Soli ya nje iwe ya mpira, ibandikwe juu ya soli ya kati na kuongezwa mshono ukingoni. Mpira wa tairi, ule wa makatambuga, unashika vizuri kwenye tope, ila ni mzito. Chagua ulio na nyuzi za kitambaa, usio na waya.

Mafuta yapakwe baada ya gundi yote kukauka, la sivyo yataiyeyusha. Kwa kipimo changu ni gramu 100 za nta ya nyuki, gramu 100 za shahamu ya ng'ombe iliyochujwa, na gramu 200 za mafuta yatokanayo na mifupa ya miguu ya ng'ombe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo weka bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Paka mchanganyiko huo kwa vidole ukiwa vuguvugu, tabaka jembamba, na usisitize mishono na ukingo wa ukanda. Mara mbili zinatosha. Ngozi iliyozidishiwa mafuta hulegea.

Jaribio la mwisho lifanyike mbele yako, si barabarani kwa mteja. Jaza kiatu vipande vya gazeti kavu, kisimamishe kwenye beseni lenye maji yanayofika mstari wa maji, na kila baada ya dakika tano kikunje kwa mkono mara ishirini kwenye vidole bila kukitoa majini. Baada ya nusu saa toa gazeti kipande kwa kipande, kwa mpangilio, ili ujue kila kimoja kimetoka wapi. Mara nyingi nimekuta doa dogo kama punje ya mtama, likionyesha tundu moja kwenye pembe ya ulimi ambako uzi ulifungwa fundo. Tone la gundi ya mpira kwa ndani hulimaliza.

Mwambie mwenye kiatu asikikaushe kamwe kando ya jiko. Ngozi ya miwati ikiwa imeloa huanza kujikunyata kabla ya joto kufika nyuzi 90, na soli ya ndani iliyojikunyata haitanyooka tena. Akijaze gazeti, abadilishe baada ya saa mbili, akilaze ubavu mahali penye upepo, na akivae siku moja na kukipumzisha siku inayofuata, kwa sababu kiatu kinachozuia maji kuingia huzuia pia jasho kutoka.