Jinsi ya Kupima Tabaka Jembamba la Nitridi ya Titani Juu ya Chuma Kisichoshika Kutu

Anayetaka kuzijua sifa za tabaka la nitridi ya titani (kiunga kigumu cha titani na nitrojeni) lililowekwa juu ya chuma kisichoshika kutu, tuseme aina ya 316L, aanze na unene, kwa sababu vipimo vingine huutegemea. Tabaka hili huundwa ndani ya chumba cha ombwe, yaani kilichoondolewa hewa, mara nyingi kwa unene wa mikromita 1 hadi 5, na aghalabu hutanguliwa na utando wa titani tupu ili lishike vizuri. Rangi yake ya dhahabu isichukuliwe kuwa ushahidi wa ubora, kwani hata tabaka lisilofika mikromita moja huwa nayo.

Safisha sampuli kwa asetoni, kisha kwa alkoholi, uikaushe. Zungusha juu yake mpira wa chuma wenye kipenyo cha milimita 30, uliopakwa unga laini wa almasi, hadi utoboe tabaka. Kwa hadubini utaona miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine. Kipenyo cha nje kikiwa milimita 0.8 na cha ndani 0.6, toa mraba wa kidogo kutoka mraba wa kikubwa, kisha gawanya kwa mara nne ya kipenyo cha mpira: unene ni takribani mikromita 2.3.

Ugumu ndio unaowapotosha wengi. Kwa kipimo cha Vickers, kinachokadiria ugumu kwa alama inayoachwa na ncha ya almasi iliyokandamizwa, nitridi ya titani hufikia 2000 na zaidi, ilhali 316L iliyolainishwa kwa moto haizidi sana 200. Ni kama kigae kilicholazwa juu ya godoro. Sindano ya almasi isizame zaidi ya sehemu moja ya kumi ya unene, yaani nanomita 230 kwa mfano wetu, la sivyo utakuwa unapima chuma cha chini. Hata mzigo wa gramu 10 kwenye mashine ya Vickers huzama takribani nanomita 400, kwa hiyo tumia mashine ya kupima kwa kina cha nanomita, tena juu ya uso uliong'arishwa kama kioo.

Ili kupima mshiko wa tabaka kwenye chuma, kwaruza kwa ncha ya almasi huku mzigo ukiongezeka polepole, kisha kagua mfereji wake. Nyufa peke yake hazimaanishi kwamba tabaka limebanduka, kwa kuwa chuma laini kikibonyea tabaka hupasuka. Tafuta mahali chuma kinapoanza kuonekana.

Hatimaye, ili kupima ukinzani dhidi ya kutu, chovya sampuli katika maji yenye chumvi asilimia 3.5. Nitridi ya titani hupitisha umeme na hailiwi na kutu kwa urahisi kama chuma, hivyo kwenye vitundu vidogo vya tabaka visivyoonekana kwa macho kutu huweza kushambulia kwa nguvu ile sehemu ndogo ya chuma iliyo wazi. Weka kando yake sampuli isiyopakwa ya kulinganishia, na uzibe kingo za zote mbili kwa gundi ya epoksi, kwani pembeni ndipo tabaka huwa dhaifu zaidi.